Kama ni wewe uliyebaki na mzee

Mzee akipigwa na kiharusi, kikao cha kwanza cha familia huwa kifupi. Dada ameolewa Mbagala na ana watoto wadogo. Kaka kahamishiwa Dodoma. Shangazi magoti yake yenyewe hayamsaidii. Kisha macho yote yanamgeukia kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na tangu hapo yupo yupo tu, leo kapata mchongo, kesho hana. Hakuna anayemuuliza kama ataweza. "Si upo nyumbani?" Kikao kimeisha, watu wanakunywa soda.

Kazi uliyopewa hapo haina saa ya kuingia wala ya kutoka, na umepewa kwa sababu siku zako nazo hazikuwa na saa. Ndipo mambo yanapoharibikia. Mzee anageuzwa ukikumbuka, dawa anapewa ukiamka, na wewe hutoki kwa kuwa hujui umemaliza nini na bado nini. Miezi minne baadaye mgonjwa ana kidonda chini ya kiuno, na anayemuuguza hajui mwezi uliopita ulikwenda wapi. Kwa hiyo kabla ya pampasi na kabla ya kiti cha magurudumu, nunua kaunta buku.

Kwaya mbili inatosha. Piga mistari: saa, presha, sukari, dawa, chakula na maji, mkojo na choo, upande aliolala. Ukurasa wa kushoto uwe wa matumizi ya pesa. Mstari mmoja unasomeka hivi: "Saa 12:30 asubuhi. Presha 158/94 mkono wa kulia. Sukari 7.1 kabla ya kula. Amlodipini 1. Uji kikombe, kamaliza. Kalala kulia." Unaandika papo hapo, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye daftari, maana kalamu ya nyumba ya mgonjwa hutembea kuliko mgonjwa.

Faida yake utaiona kliniki. Umeondoka nyumbani alfajiri kuikwepa foleni, umekaa benchi hadi saa tano, na ukiingia daktari ana dakika chache za kuuliza, "Anaendeleaje?" Jibu la "hajambo kidogo" halimsaidii kubadilisha dozi. Vipimo vya siku 14 vilivyoandikwa saa zilezile vinamsaidia.

Presha yenyewe ipimwe sawasawa. Mzee apumzike dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, mkojo hajaubana, hazungumzi. Mkono uwe usawa wa moyo juu ya mto, na uwe ule mzima, maana uliopooza unaweza kutoa namba isiyoaminika. Kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote mbili. Ikisoma 180/120 au zaidi, mtulize, rudia baada ya dakika 5. Ikibaki hapo na ana maumivu ya kifua, kichwa kinauma sana, anapumua kwa shida au haoni vizuri, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi. Kama hana dalili yoyote, piga simu kituoni au mpeleke siku hiyohiyo. Usimpe kidonge cha ziada ili ishuke upesi: presha ya mtu aliyepata kiharusi ikiporomoka ghafla, ubongo unakosa damu na unaweza kumletea kingine.

Dawa za presha zinaachwa kwa sababu moja ya kudumu, kwamba mzee anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa kuwa anazimeza. Sababu ya pili ni kuisha, kwa hiyo anza kutafuta nyingine zikibaki za siku 7, si siku 1. Chunga pia dawa za maumivu. Diklofenaki inanunuliwa duka la dawa kama peremende, lakini inapandisha presha na kuumiza figo, na mzee mwenye presha na sukari figo zake tayari zina kazi. Mgongo ukimuuma, parasetamo kwanza, na daktari aambiwe. Halafu usisage kidonge chochote kabla ya kumuuliza mfamasia, kwani vingine vimetengenezwa kuyeyuka taratibu siku nzima. Ukikisaga umempa dozi ya siku kwa mara moja.

Kumgeuza

Hapa ndipo penye kazi. Kidonda cha kulalia kinatokea kwa sababu uzito wa mwili unaminya nyama kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, nyama inakufa kuanzia ndani. Kikionekana juu ni kidogo kama sarafu, ndani kimeshachimba. Ngozi yenye unyevu wa mkojo au jasho inachubuka upesi zaidi, na joto la Dar la Januari unalijua.

Mgeuze kila baada ya saa 2. Ili usisahau, tumia saa za shufwa: saa 2, saa 4, saa 6, na kuendelea, kengele ya simu ilie yenyewe. Kulia, chali, kushoto, na milo yote akiwa amekaa. Usiku muulize muuguzi kama ngozi yake na godoro lake vinaruhusu kuongeza muda. Wengine wanaruhusiwa, wengine hapana.

Tuseme upande uliopooza ni wa kushoto na unataka alalie kulia. Simama upande wake wa kulia. Mwambie kwanza: "Baba, nakugeuza." Ulaze mkono wake wa kushoto juu ya kifua, ukishikilia kiganja na kiwiko. Kunja goti lake la kushoto, wayo ukae kitandani. Mkono wako mmoja uweke nyuma ya bega lake, kwenye mfupa wa mgongoni, mwingine kwenye nyonga, kisha mvute aje kwako kwa pamoja, kama unavyobingirisha gogo. Mto mmoja mgongoni, mmoja katikati ya magoti, mmoja chini ya mkono uliopooza kwa mbele. Asilale ubavu wima kabisa. Mwinamo wa nyuzi 30 unatosha, ili asilalie mfupa wa nyonga. Visigino vielee: mto mwembamba chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kumvuta mzee kwa mkono uliopooza au kumnyanyua kwa kwapa. Bega lililopooza halina misuli ya kulishikilia. Linateguka polepole, na maumivu yake yanaweza kukaa muda mrefu. Akiwa ameteleza chini kitandani, usimburute, kwa sababu ngozi inabaki na mfupa unasogea. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili mshike kingo zake, mumnyanyue na kumpandisha. Kama uko peke yako, subiri jirani. Mgongo wako ukiharibika, nyumba ina wagonjwa wawili.

Kila asubuhi kagua: kisogo, masikio, mabega, viwiko, kifupa cha mkiani, nyonga, visigino. Bonyeza kwa kidole palipobadilika rangi. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu tu. Tafuta sehemu iliyokolea kuliko kawaida, yenye joto, ngumu au teketeke kuliko jirani yake. Ukiipata, asiilalie tena mpaka ipoe. Usiikande. Usiweke spiriti, poda, majivu wala dawa ya meno, na ile duara ya kukalia kama tairi iache dukani, inabana damu pembeni. Ngozi ikishapasuka, mwite muuguzi.

Godoro la sponji likichoka halisaidii. Jaribu hivi: mzee akiwa amelala, pitisha kiganja chini ya godoro usawa wa kiuno chake, kikitazama juu. Ukiusikia mfupa, godoro limekufa. La hewa lenye pampu ni zuri, ila linakula umeme saa 24. Luku ikiisha usiku mzee anashuka polepole hadi kwenye chaga, hivyo chini yake pawe na la sponji, na uniti zisifike sifuri.

Kumwosha, na lile suala la aibu

Wengi wanaandika kuhusu beseni na sabuni, wachache wanasema ukweli kwamba mtoto wa kiume hajazoea kuuona utupu wa baba yake, na baba naye angependa afe kabla ya siku hiyo. Hili lina mbinu zake. Mfunike kwa shuka au kanga kuanzia kifuani, ufunue sehemu moja tu unayoosha: uso, mkono, kifua, mguu, kisha mgongo. Ukifika sehemu za siri, mpe yeye kitambaa chenye sabuni mkononi, mkono ule mzima, weka maji karibu, geuka. Wazee wengi waliopooza upande mmoja wanaweza. Asipoweza, vaa glovu, mikono yako ifanye kazi chini ya shuka, na uzungumze habari nyingine. Mpira wa Simba na Yanga umeokoa wengi hapa.

Mjukuu wa kiume aliye mkubwa akiwapo, mwite. Babu na mjukuu wana utani wao, na maneno ambayo kwako yangekuwa matusi, kwake ni kicheko. Baba mdogo pia anafaa.

Shikamoo isikome. Usiseme mbele yake "leo kajichafua tena" kama vile hayupo, wala kumwita "mtoto wangu" hata kama ni kwa upendo. Kiharusi kinaweza kuchukua maneno kikaacha masikio na akili. Asiyeweza kujibu muulize maswali ya ndiyo au hapana, moja moja, akubane kidole. Akilia au kucheka bila sababu, mara nyingi ni ubongo ulioumia. Subiri, endelea.

Nguo: kumvisha anza na mkono uliopooza, kumvua anza na mzima. Maji ya moto yapime kwa kiwiko chako, maana mguu wenye sukari unaweza usiyasikie. Pampasi za watu wazima 3 hadi 4 kwa siku ni 90 hadi 120 kwa mwezi, na hapo ndipo bajeti inapochanika. Punguza kwa kopo la mkojo: mpe kila baada ya saa 2, mnapogeuzana, na dakika 20 baada ya chai. Pampasi ibaki ya usiku na ya safari. Kitandani pawe na mpira wa kutandika, juu yake shuka dogo la kukunja linalobadilishwa peke yake. Kama ana mpira wa mkojo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili, na tarehe ya kubadilisha mpira iandikwe kwenye jalada la daftari. Homa, mkojo wenye ukungu na harufu kali, au mfuko mkavu kwa saa kadhaa, ni habari ya kituo cha afya.

Chakula na sukari

Mtu aliyepooza hupaliwa, na kinachompalia zaidi ni maji matupu, kwa kuwa yanakimbia kuliko koo lake. Chakula kikiingia mapafuni kinaleta nimonia. Akae wima, kidevu kimeinama kidogo. Ukimwinua kichwa nyuma kama unamnywesha mtoto, umefungua njia ya hewa. Kijiko cha chai, si cha mezani. Subiri ameze, uone koo likipanda na kushuka, ndipo kingine. Uji uwe mzito wa kushikilia kijiko. Mtindi, mtori na ndizi iliyopondwa vinapita vizuri, wali mkavu unatawanyika mdomoni. Ukimaliza, pitisha kidole chenye glovu kwenye shavu la upande uliopooza, kwani chakula hujificha hapo. Abaki amekaa dakika 30. Sauti ikianza kukoroma kama ina maji, au akikohoa kila mlo, simamisha na umwambie daktari.

Kwa mwenye sukari, ya chini inaua haraka kuliko ya juu. Jasho la ghafla, kutetemeka, ukali usio wake, kuchanganyikiwa: pima. Chini ya 4, na anameza, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Kama maji humpalia, mpe asali kidogo kidogo. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda, kisha ale. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni: mlaze ubavu, hospitali. Mara nyingi chanzo ni kidonge au insulini iliyotolewa asubuhi kama kawaida huku mzee amekataa kula. Kula kwanza kuonekane, au daktari apigiwe simu.

Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, kamwe isigande. Mnapokosa friji, mtungi wa udongo juu ya mchanga mbichi, kichupa ndani ya chombo kisichoingia maji, unasaidia. Ikishafunguliwa andika tarehe, nyingi ni za wiki 4. Ile ya ukungu bingirisha viganjani, usiitikise.

Siku ya kukimbia

Mdomo kwenda upande, mkono kudondoka, maneno kuvurugika: angalia saa. Hospitali watakuuliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu wakati huo. Usimpe aspirini nyumbani, kama kiharusi ni cha kuvuja damu unaongeza mvujo. Usimpakie mshikaki kwenye bodaboda. Uwe umeshaongea na mtu mwenye gari mtaani, na namba yake iwe imeandikwa ukutani, maana simu yako ndiyo itakayokuwa imezima siku hiyo. Mfuko mmoja ukae nyuma ya mlango: kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, kadi ya kliniki, fomu za rufaa, orodha ya dawa, shuka, pampasi 2.

Pesa za ndugu na saa zako

Ndugu wanaotuma pesa hawaoni kinachofanyika, na kijana asiye na kazi ndiye mtu wa kwanza kushukiwa kwamba anakula hela ya mgonjwa. Fungua laini ya simu ya mzee peke yake. Isichanganyike na yako, hasa kama una tabia ya kuweka mkeka Jumamosi. Kila Ijumaa piga picha ukurasa wa matumizi, tuma kwenye kundi la familia, hata kama hakuna aliyeuliza. Katika kikao cha pili, maana lazima kiwepo, yaandikwe majina, kiasi na tarehe: nani pampasi, nani dawa, nani Luku. Aliyeajiriwa aulizwe kama bima yake inaweza kumbeba mzee kama mtegemezi. Kama familia haina uwezo na mzee ametimiza miaka 60, nenda serikali ya mtaa upate barua, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali uulizie msamaha wa matibabu. Kama ni mstaafu, jua uhakiki wa pensheni unafanyikaje, malipo yasije yakasimama.

Hapohapo omba posho yako wazi. Elfu chache zinazojulikana ni bora kuliko chenji ya mchicha.

Wosia, hati ya nyumba na namba ya siri ya benki usivishike peke yako. Mzee aliyepooza akiweka dole gumba mbele ya mtoto mmoja, ugomvi umeshazaliwa. Aitwe wakili, ndugu wajue, daktari aandike kwamba akili yake iko sawa. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Na saa zako. Dai mchana mmoja kwa wiki na jioni mbili, zilizoandikwa jina la atakayekaa. Nusu siku ya kulala haitoshi, iwe na pa kwenda: kozi fupi ya VETA, fundi wa kujifunza kwake, hata mazoezi ya mpira. Biashara ya barazani inawezekana ikiwa unaweza kuifunga kila saa ya shufwa kwa dakika 15. Kufua na kupiga pasi kunakubali hivyo. Kukaanga chipsi hakukubali, kwani utaitwa mafuta yakiwa motoni. Mzee anaweza kukutupia maneno, kwamba ungekuwa na kazi usingekuwa hapo. Anayesema hivyo mara nyingi anajisikia mzigo. Usijibu akiwa mchafu au ana njaa. Maliza kwanza, kisha keti.

Anayekuja kukupokea mwoneshe, usimweleze tu. Amgeuze mara moja mbele yako. Ajue kilipo kipima sukari, ajue asimpe maji matupu, ajue upande anaoutoka na anaouendea. Mpe kaunta buku mkononi, afungue ukurasa wa leo, aandike saa aliyoingia. Ndipo uvae viatu.